Miguu ya Ukuta wa Kusini

Mimi sikuzaliwa na subira. Mama alikuwa akisema kwamba nilitoka kabla mkunga hajafika, na tangu siku hiyo sijapata kumngoja mtu. Kwa hiyo kazi niliyoipata, ya kuchora ramani za majengo kwa wino mweusi, ambapo mstari mmoja ukienda upande unaanza karatasi upya, ilikuwa adhabu iliyotungwa na mtu anayenijua vizuri. Niliipenda hata hivyo. Nilipenda kwamba mstari hauna adabu za uongo: ama umesimama sawa ama haukusimama.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, madirisha yake yakitazama ukuta wa jirani ulio karibu hata ungeweza kuugusa. Aliyeniajiri ni mhandisi wa Kiingereza aliyetaka mtu wa kunakili michoro, na mimi nilikuwa nimemaliza shule ya wasichana na mwandiko wangu ukisifiwa. Mapinduzi yalipokuja mwaka sitini na nne aliondoka na sanduku moja. Kabati lake lilibaki, na ndani yake kilibaki kitabu kikubwa cha makanisa makuu ya Uingereza, chenye mchoro wa kila ukuta na kila nguzo. Wenzangu walinishauri nikitupe, kwamba kitabu cha mkoloni kinaweza kumponza mtu. Nikakivika jalada la gazeti, nikakiweka chini ya meza yangu.

Nilikisoma miaka mitano, kurasa mbili tatu kila adhuhuri, baada ya kuswali na kabla wenzangu hawajarudi kutoka kula. Nilichojifunza kwanza ni kwamba Waingereza wa zamani walikuwa watu wa tamaa. Walitaka kuta ndefu za kupindukia, tena walitaka madirisha makubwa katika kuta hizo hizo, na juu ya yote walitaka paa la mawe. Sisi kwetu ukuta ni mnene, na juu yake tunalaza boriti za mikoko. Uzito unashuka chini, kila kitu kinapumzika. Paa la mawe lililopindwa tao halipumziki hata siku moja. Linasukuma nje, mwaka baada ya mwaka, likitaka kuzitawanya kuta zilizolibeba. Ndiyo maana mafundi wao wakazijengea kuta miguu ya mawe kwa nje, ya kuziegemeza zisiende. Mingine waliifanya mizito na ya kawaida, mingine wakairusha hewani kwa mbwembwe, lakini kazi ni moja.

Na hawakuyajua hayo kwa kuzaliwa nayo. Waliyajua kwa kuangukiwa. Kitabu kilieleza habari za mnara ulioporomoka watawa wakiwa wametoka kusali punde tu, na za kanisa jingine ambalo mnara wake ulianza kuzama, mafundi wakapachika matao mawili yaliyopinduana, moja juu ya jingine, na leo watu wanasafiri kwenda kuyatazama wakidhani ni urembo. Nilicheka peke yangu nilipoisoma hiyo. Nusu ya tunachokiita urembo ni kosa la mtu lililorekebishwa.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu bila hayo hamtaelewa baba yangu alifanya nini.

Kijiji chetu kiko shamba, kando ya barabara ya kwenda Mkokotoni. Wamisheni wa Kiingereza walijenga kanisa pale kabla baba hajazaliwa, kwa mawe ya matumbawe na chokaa ya tanuu. Padri aliyelijenga nadhani alikuwa na hamu ya kwao, maana alichukua kanisa kuu la Kiingereza akalipunguza kimo na kulileta kwenye minazi. Lilikuwa na matao yaliyochongoka, madirisha membamba, paa la mawe, na kwa nje miguu sita kila upande. Wakristo wenyewe hawakutimia nyumba kumi. Sisi wengine wote ni Waislamu, lakini tulilipenda kanisa lile, na mgeni akipotea tulimwelekeza njia kwalo. Baba alikuwa fundi mwashi, na hakuna jengo la mawe kijijini ambalo mwiko wake haukuligusa.

Mwaka ule ninaousimulia, mwanzoni mwa miaka ya sabini, skuli ya kijiji ilijaa watoto hata darasa la kwanza na la pili wakawa wanasomea kanisani, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa makubaliano na Wakristo wetu. Mwalimu wao, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, akaanza kuona mchanga katika nywele za watoto. Alidhani wanarushiana. Siku moja akatazama juu, akaona ufa umepita utosini mwa paa, kutoka mlangoni hadi karibu na madhabahu. Aliiandikia ofisi yetu barua fupi kuliko zote nilizopata kuziona.

Mkuu wetu akanituma mimi, kwa kuwa ni kwetu. Zamani alikuwa karani, mtu mwerevu na mwoga, na mwoga akipewa madaraka jihadhari naye. Aliniambia anataka ramani ya jengo lilivyo, na kwamba Jumamosi ya wiki iliyofuata atakuja mwenyewe kutoa uamuzi. Kama jengo limeoza, litabomolewa na mawe yake yatajenga nyumba za walimu. Na kama kuna mtu aliyeliharibu jengo wanamosomea watoto wa taifa, alisema akinitazama juu ya miwani, basi hiyo ni hujuma. Wakati ule neno hilo halikusemwa kwa mzaha. Nilimjua mtu aliyewekwa ndani kwa mfuko wa saruji uliorowa mvua.

Nilifika kanisani asubuhi na mapema, watoto wakiimba jedwali la mbili. Nilipanda ngazi, nikaupima ufa, nikaingiza ncha ya kidole. Kisha nikatundika timazi, uzi wenye uzito nchani, ukutani upande wa kusini. Ukuta ulikuwa umelalia nje kwa upana wa vidole vinne. Nikatoka nje na ramani ya zamani, ile iliyobaki katika kabati la mhandisi. Ramani ilionyesha miguu sita. Upande wa kusini nikahesabu mitatu. Nikahesabu tena, kama mpumbavu, kana kwamba miguu ya mawe huenda imekwenda sokoni na itarudi.

Mitatu ya katikati haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kovu ukutani, limepakwa chokaa vizuri, na kwa chini msingi umekatwa sawasawa. Kitu kilichoanguka chenyewe huacha kifusi na meno. Hapa mawe yalitolewa moja moja na mtu anayejua kutoa mawe.

Mtunza kanisa alikuwa bibi mmoja Mkristo, ambaye nyanya yake alilelewa na wamisheni baada ya kutolewa utumwani. Nyumba yake na yetu zilipelekeana sahani, ya Idi kwao na ya Krismasi kwetu, tangu sijapata akili. Nilimkuta akifagia. Nilipomuuliza juu ya miguu alifagia pale pale palipokwisha kufagiwa, akasema yeye ni mzee, macho yake hayaoni upande wa kusini. Nikakasirika. Nikaangalia alikokuwa haangalii, na nikaiona zahanati.

Ilikuwa hatua mia kutoka kanisani, mpya, nzuri, fahari ya kijiji. Ilijengwa mwaka uliotangulia kwa kazi ya kujitolea, kila mtu akibeba jiwe kichwani. Hata mimi nilikuja Jumapili moja nikabeba maji ya kukorogea chokaa, wala sikuuliza mawe yametoka wapi. Nilikwenda nikaitazama pembe yake. Mawe yalikuwa yamechongwa kwa nyuso nne, kazi ya zamani, siyo mawe yetu ya kuokotwa shambani. Na fundi wa zahanati alikuwa baba.

Nilikwenda nyumbani moja kwa moja. Baba alikuwa barazani akinoa patasi. Nilimwamkia, akaitika, na kabla sijakaa nikamuuliza. Hakuficha. Alishangaa tu kwamba nauliza. Akaeleza kwamba msingi wa zahanati ulikula mawe yote waliyonayo, mvua zilikuwa karibu, wajawazito walikuwa wakipelekwa mjini kwa gari la ng'ombe, na pale ukutani yamekaa mawe mazuri hayafanyi kazi yoyote. Ukuta wa kanisa ni mnene, umesimama wenyewe miaka yote. Aliondoa mitatu kati ya sita kwa heshima, akamwambia bibi mtunza kanisa, na bibi akakubali kwa kuwa naye ana wajukuu wa kuzaliwa. Yalikuwa mapambo, alisema. Wazungu wanapenda mapambo.

Nimewahi kufikiri sana juu ya hilo. Baba hakuwa fundi mbovu. Alikuwa fundi bora kuliko wote wa upande ule, na kosa lile lingeweza kufanywa na fundi bora peke yake, mtu aliyejenga nyumba za boriti miaka arobaini na kuona kwa macho yake kwamba paa hushuka chini. Fundi mbovu angeogopa kugusa. Baba aliujua uzito, akajua unakokwenda, ila wa kanisa lile hakuujua.

Nikamweleza. Hakukubali. Akasema jiwe halina akili ya kwenda ubavuni. Sauti zetu zikapanda, mama akatoka jikoni akatutazama, akarudi. Mwishowe nikatoa kitabu mkobani, nikakivua gazeti, nikakifungua katikati na kukisimamisha kifudifudi juu ya sakafu, mgongo juu, kurasa zimeachana kwa chini kama paa. Nikamwambia abonyeze mgongo kwa kidole. Akabonyeza. Zile pande mbili zikateleza, moja huku moja huku, kitabu kikalala chini. Nikakisimamisha tena, safari hii nikaweka viatu vyangu kila upande. Akabonyeza, kikabaki. Kisha, bila ya kuambiwa, akanyoosha mkono akaondoa kiatu kimoja mwenyewe na kubonyeza mara ya tatu.

Sijapata kumwona baba amekaa vile, mikono juu ya magoti, akitazama kitabu kilicholala. Nilitamani aendelee kunibishia.

"Watoto wamo ndani?" akauliza.

"Wamo."

Tulikwenda pamoja. Nilimwambia mwalimu awatoe watoto, nami sikuwa na madaraka ya kumwambia hivyo. Akauliza mvua ikinyesha awapeleke wapi, nikamjibu kwa ukali kwamba mtoto aliyerowa anakauka. Aliwatoa. Baba akapanda ngazi na vipande vitatu vya kioo cha dirisha, akavibandika kwa saruji kukingama ufa, kimoja mlangoni, kimoja katikati, kimoja karibu na madhabahu. Ndivyo walivyofanya mafundi wetu siku zote kwa ufa wasiouamini. Kioo hakina uvumilivu. Ufa ukiwa umelala, kioo hubaki kizima hata mwaka. Ukiwa unatembea, kinapasuka. Baba alisema tuuulize ukuta wenyewe, maana vitabu na mabinti wana maneno mengi.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Nikarudi mjini kwa shangazi nilikokuwa nikiishi, nikaenda kazini, na kila nilipochovya kalamu niliviona vile vioo. Niliomba viwe vizima. Ufa ukiwa umelala, basi miguu haihusiki, hakuna kosa, hakuna mtu. Nilikuwa tayari kitabu changu kizima kiwe uongo.

Alhamisi nikapata ruhusa, nikaenda. Baba alikuwa kanisani kabla yangu. Kioo cha katikati kilikuwa kimekatika vipande viwili, na ungeweza kuona hewa baina yao. Cha mlangoni kilikuwa na mstari. Mchana ule ule aliangusha minazi yetu miwili mwenyewe, akaikata magogo, na yeye na majirani wakayaegemeza ukuta wa kusini kwa nje. Ingetosha kushikilia, alisema, lakini siyo kwa siku zote. Miguu ilibidi ijengwe tena, na chokaa haihimizwi. Inataka miezi ishike. Mkuu alikuwa anakuja keshokutwa.

Jioni bibi mtunza kanisa akaja jikoni kwetu. Baba alikuwa msikitini. Akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi kama alivyozoea, akasema ameshapata la kufanya. Tutasema miguu ilianguka. Mvua za masika zilikuwa kubwa, chokaa ya zamani, ikaanguka yenyewe, watu wakaokota mawe yaliyokwisha kuanguka. Nani atabisha?

Nilimwambia ajue anachokisema. Kama miguu ilianguka yenyewe, maana yake chokaa ya jengo zima imeoza, na jengo lililooza mkuu atalibomoa. Hapo pangebaki kiwanja, na mawe yangekuwa nyumba za walimu. Nilimweleza mara mbili, maana nilitaka akatae.

"Nshaelewa mara ya mwanzo," akasema. "Kanisa litajengwa jengine. Baba yako hajengwi."

Mama akaanza kulia. Mimi sikulia. Nilishukuru, na ndilo jambo ninalolionea haya zaidi katika maisha yangu, kwamba nilishukuru. Kanisa lile bibi alibatizwa ndani yake, akaolewa ndani yake, akawazika watoto wawili kutokea ndani yake. Alilitoa pale jikoni kwa sauti ya mtu anayetoa sufuria ya kuazima, nami nikalipokea.

Usiombe kuwa mchora ramani anayetaka kusema uongo. Ijumaa nilikaa mezani ofisini, nikaharibu karatasi mbili kabla ya kupata mstari uliosimama. Nilichora kuta zilivyo, ulalo wa vidole vinne, ufa, vioo. Mahali pa miguu mitatu nikachora mstari wa nukta, na pembeni yake nikaandika kwa herufi zangu nzuri: imeporomoka. Nikaweka sahihi. Nikamtumia baba ujumbe kwa mtu wa basi kwamba Jumamosi asije kanisani, akae nyumbani, kichwa kinamuuma.

Mkuu alifika saa nne na gari la serikali, pamoja na watu wawili ambao hawakujitambulisha. Mwalimu alikuwepo, bibi alikuwepo, na watu wa kijiji walisimama mbali kidogo wakijifanya wana safari. Nilimtembeza mkuu ndani na nje. Alikuwa na karatasi yangu mkononi, akiilinganisha na ukuta, na alipofika kwenye lile kovu lililopakwa chokaa akasimama.

Akamuuliza bibi. Bibi akajibu kwamba ilianguka na mvua, miwili usiku mmoja na wa tatu baadaye, aliusikia yeye mwenyewe kitandani. Alisema vizuri hata nikamwamini. Mmoja wa wale wawili akainama, akapitisha mkono juu ya msingi uliokatwa sawasawa. Mkuu akanigeukia.

"Wewe ndiye mwenye fani," akasema. "Ilianguka au ilibomolewa?"

Nilijua akiuliza hivyo mbele ya watu basi jibu langu ndilo litakaloandikwa. Nilimwona mwalimu ananitazama. Nilimwona bibi hanitazami.

"Ilianguka," nikasema.

Mkuu akashusha pumzi. Nadhani hata yeye alilitaka jibu hilo, lilikuwa jibu jepesi. Akasema basi hakuna la kujadili, jengo limekwisha, wiki ijayo watu watakuja kubomoa. Akaanza kuikunja karatasi. Bibi akaweka mkono ukutani, kiganja tu, bila ya kuegemea, kama mtu anayempima mtoto homa.

Hapo ndipo nikamwona baba. Alikuwa amesimama nyuma ya watu, amevaa kanzu ya Ijumaa na kofia, sijui tangu lini. Watu wakampisha. Akaja mpaka mbele ya mkuu, akatoa salamu kama inavyopasa, akaitikiwa.

"Chokaa ya jengo hili haikuoza," akasema. "Mawe haya nliyatoa mie, moja moja, na jasho lilinitoka kuyatoa. Mafundi waliolijenga walijua kazi yao. Asiyejua ni mie."

Mkuu akamtazama, kisha akanitazama mimi. Alijua sisi ni baba na binti, ofisi nzima ilijua. Akafungua karatasi tena, akaonyesha kwa kidole neno nililoliandika.

"Kaandika uongo kwa ajili yangu," baba akasema. "Mpe karatasi nyengine achore upya. Akitulia anachora vizuri."

Nilitaka ardhi inimeze, na nilitaka pia kumpiga baba, naomba Mungu anisamehe. Wale wawili wakamwambia afuatane nao, akafuatana nao. Alipopita mbele ya bibi alisimama akamwomba radhi kwa miguu ya kanisa, naye bibi akajifunika uso kwa ukaya wake. Gari likaondoka kuelekea mjini. Mkuu alibaki akanipa karatasi, akaniambia nichore upya pale pale, juu ya benchi la watoto, naye akasimama nyuma yangu mpaka nikamaliza.

Baba alikaa ndani mwezi na siku kumi. Sikuruhusiwa kumwona. Ofisini sikufukuzwa, nilipewa kazi ya kunakili ramani za vyoo, na hakuna aliyezungumza nami zaidi ya lazima. Nilikonda. Usiku sikulala, mchana nilijibu watu vibaya. Nilikuwa na hasira na mkuu, na serikali, na padri wa Kiingereza aliyeshindwa kujenga kwa boriti kama watu wengine. Sikuwa na ujasiri wa kumkasirikia anayestahiki, ambaye ni mimi.

Walimwachia kwa sharti kwamba atajenga miguu mitatu upya kwa mikono yake, na kanisa halitabomolewa. Alitoka amepungua, ndevu nyeupe tupu, lakini alianza kazi siku ya tatu. Alichoma chokaa mwenyewe. Zahanati haikuguswa, mawe mengine yalitafutwa, na wanaume wa kijiji walibeba bila ya kuombwa. Mimi nilikuja kila Ijumaa mchana nikamletea chakula. Nilimwamkia, aliitika. Aliniuliza habari za shangazi. Mambo mengine hakuniuliza, na juma baada ya juma ule uungwana wake ulinila.

Mguu wa pili ulipofika kifuani nilishindwa. Alikuwa ameketi kivulini mwa ukuta anakula, nami nikaketi chini mbele yake nikamwambia anisamehe kwa ule uongo. Nikamwambia niliogopa. Nikamwambia yeye ndiye baba niliyenaye, nisingeweza kumtaja kwa mdomo wangu.

Alitafuna akamaliza, akanawa mikono kwa maji ya birika.

"Uongo nshakusamehe siku ile ile," akasema. "Na mie ningesema kwa ajili yako. Kilichonikaa ni chengine. Mama yako kanambia yote. Mulikaa jikoni kwangu, wewe na Bibi na yeye, na hapana hata mmoja aliyeniuliza. Mulikwishaona kuwa mie ni mtu wa kunyamaza, mwanamke mzee akapoteza kanisa lake, ili mie nilale kwangu."

Akachukua mwiko wake akarudi kazini. Nikaiosha sahani yake kwa maji yaliyobaki birikani, nikijua amesema kweli: siku ile jikoni ndivyo nilivyomwona.